Beji Ileile, Picha Mbili: Kutoka Kioo cha Skana hadi Lenzi

Kabla skana hazijaingia majumbani, mkusanyaji wa beji za kijeshi aliyetaka maoni ya mwenzake wa mbali alichukua karatasi nyembamba, akaifunika beji, akasugua penseli taratibu mpaka taji na herufi zikajitokeza. Karatasi ikatiwa kwenye bahasha, ikapelekwa posta. Mchoro ule ulikuwa na sifa mbili: ukubwa wake ulikuwa uleule wa beji yenyewe, na ulionyesha mwinuko wa chuma bila kuhangaishwa na mng'ao wake. Historia yote ya kupiga picha za beji tangu hapo ni historia ya kuzitafuta tena sifa hizo mbili kwa pamoja.

Wakati huo kamera ya filamu haikuwa msaada mkubwa. Lenzi ya kawaida haikuweza kusogea karibu, na beji ya milimita 40 ilitoka kama punje ya mahindi katikati ya meza. Lenzi maalumu za vitu vidogo zilikuwepo, lakini bei yake iliwashinda wengi. Wakusanyaji walitegemea vitabu, hasa kile cha Arthur Kipling na Hugh King, *Head-dress Badges of the British Army*, chenye picha nyeusi na nyeupe ambamo kila beji imepewa namba. Hadi leo wauzaji na wanunuzi wa beji za Uingereza hutajiana namba hizo.

Mwandishi wa makala haya aliingia katika shughuli hii kwa ajili ya Keya, jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902 na ambalo wazee wengi wa Afrika Mashariki walilitumikia. Beji za jeshi hilo na za vikosi vya jirani zake ni sehemu ya historia ambayo chuma chake kimetawanyika. Kikosi cha 6 cha Keya kiligeuka kuwa Tanganyika Rifles nchi ilipopata uhuru Desemba 1961. Maasi ya Januari 1964 yakakimaliza, na Septemba mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Beji ya kikosi kilichoishi muda mfupi hivyo haipatikani kila siku. Kenya Regiment, yenye kichwa cha nyati kwenye beji yake, ilianza mwaka 1937 na kuvunjwa mwaka 1963. Vitu kama hivi leo huuzwa kwenye minada ya Uingereza, na mtu wa Nairobi au Morogoro huvijua kwa picha tu. Ndiyo maana ubora wa picha si jambo dogo.

Skana za mezani ziliposhuka bei mwishoni mwa miaka ya 1990, zilipokewa kwa furaha. Beji ililazwa kifudifudi juu ya kioo, karatasi angavu ya plastiki ikiwa chini yake ili chuma kisikwaruze kioo, kisha ikafunikwa kwa kitambaa cheusi badala ya mfuniko. Baada ya dakika moja au mbili picha ilikuwa tayari, bila filamu, bila taa, bila kusubiri studio.

Zaidi ya hayo, skana ilirudisha kipimo. Ikiwekwa nukta 600 kwa inchi, milimita 40 huwa nukta 945 hivi, na hesabu hiyo haibadiliki kwa sababu mtu amesogea karibu au ameinama. Kwa mkusanyaji, ukubwa ni ushahidi. Beji halisi nyingi za Uingereza zilitengenezwa kwa kugandamiza bamba la chuma kati ya chapa mbili. Mghushi asiye na chapa hutengeneza kalibu kutokana na beji halisi, kisha husubu nakala. Shaba ya manjano ikipoa hunywea, kwa kadiri ya asilimia moja na nusu, na hivyo nakala ya beji ya milimita 40 hupungua takriban milimita 0.6. Jicho halioni tofauti hiyo. Picha mbili za skana za nukta 600 zikiwekwa sambamba, pengo la nukta 14 haliwezi kufichika.

Lakini chuma kilichong'arishwa kiliisumbua skana vibaya. Taa yake humulika kwa mshazari, wakati kihisi hutazama wima. Uso bapa unaong'aa hufanya kazi ya kioo: mwanga unaogonga hapo huruka upande mwingine, na sehemu iliyokuwa inameremeta mkononi hutoka nyeusi kwenye picha. Beji za alumini yenye rangi ya dhahabu, zilizoingia katika jeshi la Uingereza miaka ya 1950 ili kumpunguzia askari kazi ya kung'arisha, ndizo zilizoteseka zaidi. Mwanga wa upande mmoja nao ulizua vituko. Beji ikizungushwa kwenye kioo, vivuli vilihama. Na mwanga ukionekana kutoka chini ya picha, jicho lilisoma mwinuko kama shimo, nyati akaonekana amechongwa kwa ndani.

Kwa vitu vingine skana haikuwa na mpinzani. Beji za plastiki, ambazo Uingereza ilizitengeneza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili kuokoa madini, hazing'ai, na kila mstari wake ulitoka safi. Vivyo hivyo alama za kitambaa. Kichwa cha kifaru cha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944, kikilazwa juu ya kioo huonyesha hata mwelekeo wa nyuzi, na mtu anaweza kutofautisha kilichofumwa na kilichochapwa bila kukigusa.

Badiliko lililofuata lilikuja kimyakimya. Kuanzia mwaka 2000 hivi zilienea skana nyembamba, nyepesi, zinazokula umeme wa kompyuta yenyewe. Ndani yake kihisi cha CCD na vioo vyake vilikuwa vimepisha kihisi cha CIS, kinachopita karibu kabisa na kioo cha juu. Kwa barua na picha za karatasi kihisi hicho kinatosha kabisa. Kwa beji kina kasoro kubwa: huona vizuri kile tu kinachogusa kioo. Beji iliyobinuka ilitoka na pua ya nyati kali na masikio yenye ukungu. Wakusanyaji walionunua skana mpya wakidhani wanapanda daraja walishangaa, na waliozijua siri zake walizitunza skana zao nzito za zamani kwa wivu.

Kamera nayo ilikuwa inasogea. Nikon Coolpix 950 ya mwaka 1999 ilikuwa na pikseli milioni mbili tu, lakini ilimruhusu mtu kusogeza lenzi hadi sentimita 2 kutoka kwenye kitu. Kwa mwandishi wa makala haya, na kwa wengi wa rika lake, hapo ndipo beji ilipoanza kuonekana kama chuma. Karatasi nyeupe zilizosimamishwa kuzunguka beji zilituliza mng'ao. Dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja likatosha kuwa taa. Taa ndogo ikishushwa mpaka imulike karibu sambamba na meza, uso wa beji ulianza kusema: vishimo vidogo vya chuma kilichosubiwa, kona zilizolegea za nakala, alama za tupa nyuma ambako mtu amebadilisha vipete vya kushikizia beji. Hayo skana haikuyatoa kamwe kwa uwazi ule.

Kamera ilikuja na gharama zake. Lenzi ikiwa karibu mno huvimbisha katikati ya beji na kubana kingo, na kivuli cha kamera yenyewe huangukia kitu. Dawa ni kurudi nyuma na kutumia lenzi ndefu. Rangi nayo huteleza: chini ya balbu ya manjano, beji ya metali mbili, nyeupe na ya manjano, huonekana yote ni shaba, isipokuwa mpigaji apime mwanga kwa kadi ya kijivu. Na kile kipimo kilichorudishwa na skana kikapotea tena. Rula ikiwekwa mezani haitoshi, kwa kuwa uso wa beji uko juu zaidi na karibu zaidi na lenzi. Lazima rula iinuliwe iwe sawa na uso huo.

Simu za leo zimeongeza pikseli, lakini programu zake hutengeneza picha kabla mtu hajaiona. Hunoa kingo na kulainisha nyuso, na pengine kile zinachokilainisha ndicho mikwaruzo ya tupa anayoitafuta mnunuzi.

Njia bora ya kuonyesha mwinuko ilionyeshwa mwaka 2001, pale Tom Malzbender na wenzake wa maabara za Hewlett-Packard walipoeleza namna ya kuunganisha picha nyingi za kitu kisichosogea, kila moja ikiwa na taa upande tofauti, ili mtazamaji auhamishe mwanga mwenyewe kwenye kompyuta. Mwaka 2005 mbinu hiyo ilitumika Athens kusoma maandishi yaliyofifia kwenye mashine ya kale ya Antikythera. Mkusanyaji wa kawaida hahitaji mitambo hiyo yote. Kamera ikiwa kwenye mguu wake, picha nne zenye taa upande wa kushoto, kulia, juu na chini humpa sehemu kubwa ya faida.

Kwa hiyo katika kumbukumbu za mwandishi wa makala haya skana haikustaafu. Kila beji hupata skana ya mbele na ya nyuma kwa kihisi cha CCD, bila kunolewa, kwa ajili ya kipimo. Kisha picha nne za kamera kwa ajili ya chuma chenyewe. Na muuzaji wa mbali anapotangaza beji ya Keya au ya Tanganyika Rifles kwa picha moja ya mbele, maombi yanayomwendea ni mafupi: picha ya nyuma, rula iliyoinuliwa, na moja yenye taa iliyolala. Wauzaji wengi hujibu siku hiyohiyo.