Mgeni Ndani ya Mchezo

Lugha unayojifunza ina neno moja kwa watu wawili. Anayebisha hodi mlangoni, ukamkaribisha kiti na chai, ni mgeni. Na yule apitaye njiani na mzigo wake, usiyemjua jina wala anakotoka, naye ni mgeni. Wewe unayetokea Buganda utapata ugumu kidogo hapo, kwa maana Kiganda humwita wa kwanza omugenyi na mtu wa nchi nyingine omugwira, na hakuna awachanganyaye. Kiswahili huwaweka wote wawili chini ya mwavuli mmoja, kisha kikakuachia wewe kazi ya kutambua ni yupi aliyefika. Ukitaka kumtaja yule asiyekuhusu kabisa, asiye ndugu wala mwenzio, utasema mtu baki.

Neno hilo limenishughulisha tangu wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walipojichagulia mada ya mjadala: kucheza michezo ya mtandaoni na marafiki ni heri kuliko kucheza na watu tusiowajua. Nilitarajia kipindi kimoja cha kelele. Tulitumia viwili, na kengele ilipolia bado watu wanne walikuwa wamesimama.

Kwa msomaji asiyecheza, nieleze kidogo. Katika mchezo kama Free Fire, unaopendwa sana na vijana wetu kwa sababu hauhitaji simu ya bei kubwa, wachezaji hamsini hushushwa kisiwani na kupigana hadi wabaki washindi. Waweza kuingia peke yako au katika kikosi cha watu wanne. Ukiwa na marafiki watatu walio mtandaoni, mnaunda kikosi chenu. Ukiwa huna, mchezo wenyewe hukutafutia wenzako, na ghafla unasikia masikioni sauti ya mtu ambaye hujapata kumwona.

Sasa angalia jambo ambalo wanauchumi wa darasani kwangu walilitambua mapema. Hapa Uganda bando ni ghali kwa kijana. Mwaka 2018 serikali ilianzisha kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, na mwezi Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya data. Rafiki yako wa mtaani akiishiwa na bando jioni ya Jumamosi, kikosi kinabaki na pengo, na pengo hilo hujazwa na mtu baki. Kwa hiyo swali la kucheza na nani haliamuliwi na tabia njema peke yake. Mara nyingi huamuliwa na salio.

Upande wa marafiki ulianza kwa nguvu. Kijana mmoja alieleza kibanda cha gemu kilicho karibu na soko lao, ambapo hulipa kwa kila mechi ya kandanda, aliyeshinda hubaki kitini na aliyeshindwa humpa mwingine padi. Pale, alisema, ukimtukana mtu unamtukana akiwa amekugusa bega. Akikasirika utaona. Na kesho mtakutana kisimani. Nilipenda hoja hiyo kwa sababu ni ya zamani kuliko umeme. Wazee wetu walicheza mweso wenye mashimo 32 na kete 64, na jamaa wa pwani walicheza bao lenye hesabu iyo hiyo, wote hadharani, mbele ya watazamaji wasioacha kutoa ushauri usioombwa. Mgeni wa kijiji aliweza kuketi akacheza, lakini alicheza machoni pa watu, na hao watu ndio waliokuwa sheria.

Hapo akasimama mwingine na kututia maji baridi. Alikuwa amejenga akaunti yake kwa miaka miwili: mavazi, silaha, daraja la juu, yote kwa subira na vijisenti vya likizo. Aliyeichukua hakuwa mgeni. Alikuwa rafiki yake wa utotoni, ambaye alijua neno la siri kwa kuwa waliwahi kuazimana simu. Alilibadilisha usiku mmoja, akaiuza akaunti, kisha akaendelea kuja kwao kula chakula cha mchana kama kawaida. “Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema kijana, na darasa likanyamaza kwa namna ambayo methali huwa hainyamazishi watu ninapoifundisha mimi.

Ni kijana huyo huyo aliyetuambia habari ya mwenzake wa Tanga. Walikutanishwa na mchezo, wakacheza likizo nzima, na hadi leo hajui sura yake. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni Kiswahili, cha mmoja kikiwa cha nyumbani na cha mwingine kikiwa cha kitabuni. Mtanga hakumcheka. Alimrekebisha katikati ya risasi: usiseme “mimi niko hapa nyuma ya wewe”, sema “niko nyuma yako”. Miezi yangu ya kufundisha viambishi vya umilikishi ilikuwa haijafika pale. (Ilikuwa na gharama zake, bila shaka. Siku ya kwanza ya muhula alinisalimu, “Mambo vipi, mwanangu!” Nikamweleza kwamba mwanangu wa vijana wa Tanzania ni rafiki wa rika moja, na kwamba mimi shikamoo inanitosha.)

Hadi hapo ungedhani wageni wameshinda. Lakini kulikuwa na msichana ambaye hakuzungumza mbele ya darasa. Alinijia baadaye, na ameniruhusu nieleze kisa chake bila kumtaja.

Mtu mmoja alianza kucheza naye kila jioni. Alikuwa mpole, mwepesi wa kumwokoa anapoangushwa, na hakutukana. Wiki ya pili alimtumia zawadi ya almasi, zile za mchezo, ambazo hununuliwa kwa fedha halisi. Msichana akashukuru. Kisha akaombwa wahamie kwenye ujumbe wa faragha, kwa sababu eti sauti za mchezo zinakatika. Huko maswali yakabadilika taratibu: uko darasa la ngapi, shule gani, unalala chumba chako peke yako? Halafu picha, ya uso tu. Alipositasita, yule mtu hakugomba. Alisema kwa upole: nimekupa almasi zote zile, nawe huniamini?

Tazama vizuri sentensi hiyo ya mwisho, maana ndani yake kuna ustadi. Zawadi imegeuzwa deni, na kukataa kumegeuzwa utovu wa adabu. Mtoto aliyelelewa vizuri, aliyefundishwa kwamba mkono mtupu haurudishwi kwa aliyekupa, ndiye hasa anayenaswa. Msichana huyu alimpelekea dada yake simu. Dada akasoma yote, akahifadhi mazungumzo, akamzuia yule mtu na kumripoti ndani ya mchezo. Hakumpiga mdogo wake wala kumnyang’anya simu, na naamini hilo lilikuwa na uzito kuliko mengine yote, kwa sababu watoto wengi hunyamaza si kwa kumwogopa mgeni bali kwa kuogopa kupoteza simu.

Wewe unayesoma na umefikwa na jambo kama hilo, shika namba hii: 116. Ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto, na namba hiyo hiyo hutumika Uganda, Kenya na Tanzania. Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 hapa kwetu inataja unyanyasaji wa mtandaoni na picha chafu za watoto kuwa makosa ya jinai, na ile ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto. Najua sheria haiingii chumbani saa nne usiku. Lakini ni vyema ujue kwamba anayekudai picha ndiye mwenye kesi, na si wewe uliyepokea almasi.

Je, basi tuwafungie mlango wageni wote? Wazazi wengi wamenitaka niwaambie watoto wao hivyo, na naelewa hofu yao. Ila kuna habari ya Mnorwe mmoja ambayo hunizuia.

Mats Steen alizaliwa mwaka 1989 na ugonjwa wa kudhoofisha misuli uitwao Duchenne. Akiwa mtu mzima aliweza kusogeza vidole tu, na saa zake nyingi alizitumia ndani ya mchezo wa World of Warcraft, ambamo aliitwa Ibelin: mtu mwenye mabega mapana, akimbiaye mashambani kila siku. Wazazi wake walihuzunika wakidhani kijana wao anaishi bila marafiki, bila mapenzi, bila kumfaa mtu yeyote. Alifariki mwezi Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Baba yake alitumia neno la siri aliloachiwa, akaandika kwenye ukurasa wa mwanawe kwamba Mats hayupo tena. Ndipo barua zilipoanza kumiminika, kutoka kwa watu wa nchi mbalimbali ambao hawakuwahi kumwona. Walieleza jinsi alivyowasikiliza usiku walipokuwa wamekata tamaa, alivyomsaidia mama mmoja kuzungumza tena na mwanawe kupitia mchezo, na hata alivyowaudhi wakati mwingine, maana hakuwa malaika. Baadhi yao walisafiri hadi Norwe kumzika. Mwaka 2024 ilitoka filamu ya hali halisi kuhusu maisha yake.

Kwa muda mrefu wenzake hawakujua kwamba ni mgonjwa. Aliwaambia miaka ya mwisho. Kwa hiyo kile ambacho wazazi wangekiita hatari, yaani kutoonekana, kwake kilikuwa nafasi ya kutazamwa kama mtu kwanza. Lakini usisahau pia kwamba hao wageni hawakuwa wa usiku mmoja. Walikuwa chama kimoja kilichoitwa Starlight, chenye wanachama waliofahamiana kwa majina ya mchezo na waliokutana mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Aliyekosea aliulizwa. Aliyepotea alitafutwa. Kwa maneno ya kibanda chetu cha sokoni, walikuwa wakikutana kisimani.

Kuna pia mkono wa anayetengeneza mchezo. Mwaka 2012 kampuni iitwayo thatgamecompany ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Journey, chini ya uongozi wa Jenova Chen, mzaliwa wa Shanghai. Unasafiri jangwani kuelekea mlimani, na njiani unaweza kukutana na msafiri mwingine, mtu halisi aliye mahali fulani duniani. Huwezi kuzungumza naye. Huoni jina lake hadi mwisho. Mnaweza kutoa mlio tu, kama ndege. Katika majaribio ya mwanzo, watengenezaji waliwawezesha wasafiri kugusana na kusukumana kama miili ya kweli, wakitumaini watasaidiana kupanda. Wachezaji wakasukumana mashimoni. Basi ule uwezo wa kusukuma ukaondolewa, na mahali pake ikawekwa kanuni nyingine: mkikaribiana, mitandio yenu inajaa nguvu ya kuruka. Watu wakaanza kusubiriana.

Ninapofundisha uraia hupenda mfano huo kuliko ibara nyingi za katiba. Wachezaji walikuwa binadamu wale wale, wageni kwa wageni, na kilichobadilika ni kanuni peke yake. Hivyo ukijikuta katika mchezo ambamo kila mgeni ni mtukanaji, usikimbilie kusema binadamu ni wabaya. Uliza kwanza mchezo huo unampa nini anayetukana, na unamnyang’anya nini. Waweza kuuliza hivyo hivyo kuhusu foleni ya hospitali au kituo cha matatu.

Mwisho wa kipindi cha pili tulikubaliana kuandika kanuni za likizo. Mengi yalipita bila ubishi: neno la siri haliazimwi hata kwa ndugu, jina la shule halitajwi, zawadi ikija na swali, mazungumzo yanaonyeshwa kwa mtu mzima siku hiyo hiyo. Iliyotugawa ilikuwa moja. Msichana mmoja wa safu ya nyuma alisema kwamba akicheza na marafiki hutumia jina lake, lakini akicheza na wageni hujiita kwa jina la kiume na kuzima kipaza sauti, kwa sababu alichoka kutukanwa kila anapofungua mdomo. Mvulana mmoja akasema huo ni uongo, na kwamba sisi wenyewe tumekubaliana kuwa waaminifu.

Msichana akamjibu kwa Kiswahili kisicho na kosa hata moja: “Wewe unapoingia, unaulizwa unajua kucheza? Mimi naulizwa nimeolewa?”

Kanuni hiyo bado haijaandikwa. Nimeacha mstari mtupu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, kati ya ya sita na ya saba, na muhula ujao tutaanzia hapo.