Majina ya Walioshindwa

Kutoka Monaco barabara hupanda kwa kona kali hadi La Turbie, kijiji cha Ufaransa kilichokaa ukingoni mwa milima juu ya bahari. Nyuma ya nyumba zake za mawe umesimama mnara wa ushindi wa Kaisari Augusto, yule yule aliyetoa amri ya watu kuhesabiwa katika Injili ya Luka. Ukiutazama upande mmoja, unaona nguzo zimeuzunguka na mawe yamepangwa sawasawa. Zunguka nyuma: ukuta umemeguka, matumbo ya mnara yako nje.

Roma iliujenga mwaka 7 au 6 kabla ya Kristo, baada ya kuwatiisha watu wa milima ya Alpi. Baadaye ukageuzwa ngome, na mwaka 1705 Mfalme Louis XIV akaamuru ilipuliwe. Kanisa la Saint-Michel, hapo hapo kijijini, limejengwa kwa mawe yake. Siwalaumu wanakijiji. Jiwe lililochongwa tayari, nani angeliacha liote nyasi?

Nilisimama muda mrefu mbele ya maandishi yaliyochongwa kwenye mnara. Yalikuwa yamevunjika vipande vipande, lakini Plinio, mwandishi Mroma wa karne ya kwanza, alikuwa ameyanakili yote kitabuni mwake, na kwa nakala hiyo wataalamu wakajua kila kipande kikae wapi. Yanataja makabila 45 yaliyoshindwa. Trumpilini. Camunni. Venostes. Nilikuwa nikiyatamka polepole, nikiona uchungu, kwani mengi kati ya makabila haya hayakuacha kitabu cha kutueleza upande wao wa vita. Wametajwa na adui yao, kwa majivuno yake, na kando ya majina hayo wamechongwa mateka waliofungwa.

Aliyeusimamisha tena mnara ni msanifu Jules Formigé, kati ya 1929 na 1933, kwa fedha za Mmarekani Edward Tuck. Zamani mnara ulikaribia mita 50. Yeye aliufikisha 35, akaacha. Alifanya vyema. Katika jumba dogo la makumbusho lililo jirani kuna mfano wa mnara mzima, na ukiutazama, macho yanakimbilia kileleni kwa sanamu ya Kaisari. Nje kilele hakipo, wala Kaisari. Msomaji huanza na Trumpilini na kwenda mpaka jina la mwisho, Suetri.