Mura majini Mnemba, roho mkononi!

Mpenzi msomaji, sisi watu wa Tarime tuna sifa ambazo nyingine wala hatukuziomba. Ukishataja tu kwamba wewe ni Mkurya, mtu anakuuliza panga umeliacha wapi, au jeshini unaenda lini. Siku zingine sifa hizo zinasaidia, hasa mkigombea kiti kwenye basi. Lakini kuna siku zinamweka mtu pabaya, maana aliyekwishasifiwa ushujaa hana pa kuuficha woga wake.

Wangu mimi ni maji. Nimekulia Susuni, huko juu karibu na mpaka wa Kenya, nchi ya vilima, mahindi na migomba. Mto mkubwa tunaoujua ni Mara, na katika hadithi za wazee kazi yake kubwa ni kufuga mamba. Halafu ipo MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Sikuwa nimezaliwa, lakini kanda ya ziwa mtoto anaikuta ile meli nyumbani kama anavyolikuta jina la ukoo. Ikaja MV Nyerere pale Ukara, Septemba 20, 2018, hiyo niliisikia redioni kwa masikio yangu. Sasa hapo nani wa kunitoa nchi kavu?

Akanitoa binamu yangu ambaye ni mpishi huko Unguja. Januari aliniita nikale likizo wiki nzima. Neno lenyewe lilinichekesha, maana kwetu likizo ni kwenda kijijini ukakabidhiwe jembe. Watu wa kulala ufukweni na kuruka majini bila kufukuzwa na kitu tumewaachia wazungu, nasi tunabaki kuwabebea mabegi. Mimi naona hapo tunajipunja, lakini tuyaache hayo.

Jioni ya kwanza nilipelekwa Forodhani. Ukutani pale wamejipanga vijana, wengine wadogo kabisa, wanakimbia, wanajirusha hewani, wanapinduka mara moja au mbili halafu chubwi! baharini. Watu wanapiga makofi. Nikawatazama huku mkono wangu umeshika ukuta, sijui niliushika wa nini.

Kesho yake tukaenda Paje, kusini mashariki. Pale upepo wa kaskazi ukivuma, bahari yote inajaa tiara. Si zile za makaratasi tulizochezea utotoni. Hizi ni kubwa kama turubai, mtu amejifunga kiunoni, miguuni ana ubao, na upepo unamvuta juu ya maji kama pikipiki isiyo na breki. Nikajaribishwa nchi kavu tu, na tiara ndogo ya kujifunzia. Ilinikokota mchangani hatua kama kumi, suruali ikaingia mchanga hadi mifukoni. Binamu alicheka mpaka akakaa chini. Bwana wee, huo mchezo niliuacha hapohapo.

Shughuli yenyewe ilikuwa Mnemba. Tulitoka Nungwi asubuhi na boti ya mbao, sisi wawili pamoja na watalii. Mnemba ni kisiwa kidogo, ukikitazama kwa mbali ni mchanga mweupe na kijipori katikati. Kisiwa chenyewe kimekodishwa kwa hoteli ya wenye nazo, huruhusiwi kutia mguu. Ila matumbawe yanayokizunguka ndiyo yanayofuatwa na boti zote hizi. Unapewa miwani ya kuzibia macho na pua, bomba la kupumulia, mapezi ya miguuni, na ukitaka, jaketi la kuelea. Nililitaka.

Nahodha, mzee wa makamo mwenye kofia ya kiua, akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia. "Aa, mura!" akasema. "Nyinyi si ndo hamuogopi kitu?" Watu wakanigeukia. Nilipotahiriwa nilisimama mbele ya umati wa kijiji sikupepesa hata jicho, lakini pale, msomaji wangu, kijasho chembamba kilinitoka na jua bado halijapanda.

Nikajikaza kisabuni, nikashuka kwa ngazi. Bomba likaniingiza maji, nikayameza. Kumbe yale maji ya chumvi ni mazito, yanakubeba mgongoni kama mama. Nahodha akaniamuru niache kupigapiga miguu, nitazame chini tu, nipumue taratibu.

Nikatazama. Chini yangu kulikuwa na mji mzima. Kitatange wa manjano na weusi wanapita wawiliwawili kama maharusi. Pono wanayatafuna matumbawe na mlio wao unausikia kabisa, kama mtu anayevunja mahindi ya kukaanga. Kasa mmoja akapita taratibu, hakuniangalia hata kidogo. Sijui nilikaa muda gani. Nilipoinua kichwa, boti ilikuwa mbali kuliko nilivyotaka.

Wakati wa kurudi nahodha alikaa nami nyuma. Akanyoosha kidole kaskazini, upande wa Pemba. "Spice Islander ilizama huko," akasema. Ilikuwa usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011. Wavuvi na watu wa boti za watalii walitoka kwenda kuokoa, naye akiwamo. Wengine waliowapata hai walikuwa wameshika magodoro na madumu. Akaniambia waliozama si wote walikuwa watu wa bara. Wapo waliozaliwa hatua chache kutoka pwani, hasa wanawake, ambao hawajawahi kufunzwa kuogelea hata siku moja. Baadaye hapo hapo Nungwi kulikuwa na mradi wa Panje uliowafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi yao ya stara. Yeye alikuwa wa kwanza kumpeleka bintiye, na majirani walimsema sana.

Kisha akazima mashine pale maji yalipokuwa shwari. "Vua hilo jaketi, mura. Mimi nipo."

Akanishika kisogo kwa kiganja kimoja, nikalala chali, masikio ndani ya maji, mbingu yote usoni. Baadaye binamu aliniambia kile kiganja kilikuwa kimetoka zamani, nami bado naelea.

Jioni nikampigia simu bibi Susuni. Nikamweleza habari za kitatange na rangi zake. Akaniuliza kama tulimla. Nikamjibu hapana bibi, tuliwatazama tu. Akanyamaza kidogo, halafu akataka kujua nimelipa shilingi ngapi.