Pikipiki Yetu

Mali bila daftari, walinena wahenga, hupotea bila habari. Mwalimu aliponunua pikipiki yake mwaka wa 2009, jambo la kwanza alilolifanya, hata kabla ya kuifikisha nyumbani ikaonekana, ni kununua daftari. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika kwa wino mwekundu: Pikipiki Yangu. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na neno lile la pili alilijua barabara. Ni kivumishi kimilikishi, nafsi ya kwanza, umoja, ngeli ya I-ZI. Asilolijua ni kwamba katika kijiji kama Marafa kivumishi hicho hakidumu peke yake.

Marafa iko upande wa bara wa Malindi, katika Magarini, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini. Wageni huijua kwa sababu ya Nyari, korongo lililochongwa na mvua na upepo likasimamisha minara ya udongo mwekundu, wa waridi na mweupe, ambalo watalii hulijua kwa jina la Jiko la Shetani. Wenyeji Wagiriama wana shughuli nyingine mbali na kulitazama korongo: mahindi, mihogo, mananasi, mbuzi, na safari isiyokwisha ya kushuka Malindi kutafuta kile ambacho shamba halikutoa.

Mwalimu naye alikuwa miongoni mwa washukao. Aliishi Marafa kwa mamake na kufundisha katika shule moja ya upili mjini. Kwa miaka mitatu alipanda matatu ya alfajiri, ile ambayo haikuondoka kwa saa bali kwa kujaa. Ikijaa watu, hungoja magunia; ikijaa magunia, hungoja kuku. Mara ngapi alifika shuleni kengele imekwisha kulia, shati lina vumbi na mabega yana harufu ya makaa! Jioni nayo ilikuwa balaa ya namna yake, kwani aliyechelewa matatu ya mwisho alilala mjini kwa hisani ya jamaa.

Wakati huo mambo yalikuwa yameanza kubadilika. Mwaka wa 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, zile zenye injini isiyofika sentimita za ujazo 250, na pikipiki za kutoka India zikaenea nchini. Chombo ambacho awali kilikuwa cha bwana shamba, padre na afisa wa afya kikaanza kuonekana kwa mtu wa kawaida. Mwalimu akajumlisha akiba yake ya miaka miwili na mkopo mdogo wa chama, akanunua pikipiki nyeusi ya injini ya sentimita za ujazo 100. Haikuwa na makuu. Lita moja ya petroli iliivusha kilomita 50 na zaidi, na hilo ndilo alilolihitaji.

Alijifunzia katika uwanja wa kandanda, jua likiwa limepoa, watoto wakimshangilia na kumcheka kwa zamu. Mkono wa kushoto klachi, mguu wa kushoto gia. Mkono wa kulia mafuta na breki ya mbele, mguu wa kulia breki ya nyuma. Viungo vinne, kazi tano, na akili moja ya kuvipatanisha. Uwanja ulimfunza chombo, lakini barabara ndiyo iliyomfunza kuendesha. Wakati huo njia ya kushuka kutoka Marafa ilikuwa ya udongo mwekundu, na mahali pengine mchanga ulirundikana kama unga uliomwagika. Katika mchanga, asiyejua hushika breki ya mbele, akajikuta chini. Ajuaye huilegeza mikono, akaiachia pikipiki itafute njia yake, mafuta yakiwa kidogo lakini yasikatike. Alianguka mara mbili, akachubuka kiwiko, akajua. Alijifunza pia kuipaka cheni oili kila Jumamosi na kukung'uta kichujio cha hewa, maana vumbi la Marafa halibagui pua ya mtu na pua ya injini.

Lo, raha ya mwezi ule wa kwanza! Aliondoka kukipambazuka, akakata kuelekea pwani hadi Mambrui, akaikamata lami itokayo Garsen, akavuka daraja la Sabaki, mto ule ule ambao huko juu huitwa Athi na katikati huitwa Galana, maji yake mazito yakielekea baharini yakiwa yamebeba udongo wa nusu ya nchi. Alifika Malindi kabla ya kengele. Jioni hakumngoja mtu. Katika barabara za mji aliwaona Wataliano waishio Malindi wakipita kwa pikipiki zao ndogo, mmoja mmoja, kila mtu na safari yake, akajihisi kuwa mwenzao. Kwani si huko Italia ambako kampuni ya Piaggio ilianza kuuza Vespa mwaka wa 1946, baada ya vita, watu wakapata chombo kidogo cha kwendea mjini? Vespa kwa lugha yao ni nyigu. Neno hilo lilivuka bahari likafika Unguja, na huko pikipiki ya aina hiyo huitwa vespa, iwe imetengenezwa na nani. Mwalimu alipenda maneno yasafirio. Jioni aliandika katika daftari: petroli, lita 2, oili, safari, moja kwenda, moja kurudi. Hesabu ilikaa sawa.

Hesabu ilianza kuyumba kwa mtu mmoja mzee. Jirani yao, ajuza ambaye mtaa mzima ulimwita Hawe, yaani nyanya kwa Kigiriama, alimngoja njiani asubuhi moja akiwa na kifurushi cha leso. "Baba, nishushe Gongoni, mguu huu haunichukui tena." Angemkatalia vipi? Alimpakia upande upande, kama wakaavyo wanawake wa rika lake, wakaenda polepole. Kesho yake akaja mtu wa gunia la mahindi la kusagisha. Kesho kutwa, kijana aliyetaka kuwahi usaili wa kazi. Kisha dawa ya mbuzi. Kisha barua. Kisha maiti: si kuibeba, bali kupeleka habari yake kwa wajomba, nyumba kumi na moja kwa usiku mmoja.

Wala hawakumwomba kama watu waombao cha mwenyewe. Watoto walipoisikia ikinguruma waliimba, "Pikipiki yetu hiyo, pikipiki yetu!" Wazee nao walisema vivyo hivyo. "Pikipiki yetu imelala leo?" walimuuliza mamake ikiwa Jumapili. Mwalimu alitabasamu kwa meno, moyoni akasahihisha. Yake. Ngeli ni hiyo hiyo, I-ZI, lakini nafsi si hiyo. Nani miongoni mwao aliyelipa mkopo? Nani aliyenunua tairi la nyuma lilipokwisha kabla ya wakati wake? Katika daftari alichora safu mpya, akaiita Wasiolipa, na safu hiyo ikarefuka kuliko zote.

Mtu haanzi uongo kwa kutaka kuwa mwongo. Huanza kwa kutaka kupumzika. Jioni moja, mgongo ukimuuma, mtu alibisha, naye akajibu kutoka ndani, "Haina mafuta." Neno lilitoka kwa urahisi uliomshangaza. Mara ya pili halikumshangaza tena. Akaanza kuingiza pikipiki chumbani usiku na kuifunika shuka. Baada ya miezi miwili hodi zilipungua, na baada ya mitatu zikakoma. Mwalimu alilala vizuri. Safu ya Wasiolipa ikasimama mahali ilipokuwa, naye akaona kuwa mambo yamenyooka.

Usiku mmoja, yapata saa tatu, mamake alimwamsha. Alikuwa amesimama mlangoni na kandili.

"Hukusikia? Wamepita hapa."

"Nani?"

"Wa nyumba ya tatu. Mtoto ameumwa na nyoka. Wamemweka kwenye baiskeli."

Mwalimu aliketi kitandani. "Kwa nini hawakubisha?"

Mama hakujibu upesi. Aliishusha kandili sakafuni, kando ya gurudumu lililochomoza chini ya shuka. "Walibisha mara ngapi, mwanangu, ukasema haina mafuta?"

Siku hiyo hiyo alikuwa ametia lita tano. Daftari lilikuwa mezani, limeandikwa.

Aliwapata mbali na nyumba za mwisho, mahali pa mchanga mwingi. Baba alikuwa akiisukuma baiskeli kwa sababu haikuendesheka. Mtoto, binti wa miaka saba, alikuwa juu ya karia, mguu umefungwa kwa kipande cha leso juu ya kifundo. Alikuwa ameenda kumtafuta ndama wa mbuzi gizani, akamkanyaga moma. Mguu ulikuwa umekwisha kuvimba ukang'aa chini ya taa. Mwalimu alijiandaa kwa lawama. Angezipokea zote. Lakini yule baba alisema tu, "Asante kwa kuja, mwalimu," na maneno hayo yalimchoma kuliko tusi.

Baiskeli ililazwa kichakani. Binti aliwekwa katikati, babake nyuma, leso ikawafunga wote watatu kiunoni. Sheria ya Kenya humruhusu mwendesha pikipiki kubeba abiria mmoja tu, na ni sheria ya haki, kwa maana imeandikwa kwa damu ya walioanguka. Watanzania huita ubebaji huo mshikaki, na jina lenyewe ni onyo. Mwalimu alilijua yote hayo. Alijua pia kuwa usiku ule hapakuwa na chombo kingine kati ya pale na lami. Katika mchanga alikwenda kama mtu abebaye yai. Kichwa cha mtoto kiliuegemea mgongo wake, na kila kilipotulia sana alimsikia baba akimwita kwa jina, na sauti ndogo ikiitika. Wakaifikia lami. Taa za Mambrui zikapita. Daraja la Sabaki likapita, mto haukuonekana. Waliingia hospitalini Malindi wakiwa wekundu kwa vumbi toka nywele hadi vidole, na wahudumu wakampokea mtoto.

Ngozi iliyozunguka jeraha ilikufa, ikachukua miezi kupona. Mtoto aliishi.

Miaka kadhaa baadaye mwalimu alisoma habari iliyomfanya alishushe gazeti. Huko kusini-mashariki mwa Nepal, katika eneo la Damak, wanavijiji waliokuwa na pikipiki walipangwa wawe tayari wakati wowote kuwakimbiza hospitalini walioumwa na nyoka, huku watu wakifunzwa la kufanya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2013 ulionyesha kuwa vifo vilipungua sana. Hapakuwa na mashine mpya wala dawa mpya. Palikuwa na pikipiki za watu, na makubaliano kwamba mlango utafunguliwa.

Jioni iliyofuata usiku ule, akirudi kutoka kazini, alisimama ukingoni mwa Nyari. Jua lilikuwa likishuka, na kuta za korongo zimewaka. Karibu naye mwelekezi wa kijiji alikuwa akiwasimulia watalii wawili ile hadithi ambayo kila mtoto wa Marafa huikuta imekwisha kusimuliwa. Palikuwa hapa na familia ya kitajiri, yenye ng'ombe wengi hata ikawa inaoga maziwa, ilhali wengine hawana. Mungu akachukizwa, ardhi ikadidimia pamoja nao. Weupe ule ni maziwa. Wekundu ule ni damu. Watalii walipiga picha. Mwalimu alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara mia, na siku zote alidhani inawahusu watu wenye ng'ombe.

Hakulichoma daftari lile, wala hakuacha kuandika, kwa kuwa petroli haijui huruma na mkopo ulikuwa bado. Alifanya lililo gumu zaidi: aliketi na wazee, akasema wazi anachoweza na asichoweza. Safari za kusagisha ni Jumamosi, na mwenye gunia atachangia mafuta. Mgonjwa hana siku wala bei. Watu waliona ni haki. Hawe, ambaye hakuwa na fedha, alileta mihogo.

Leo mambo ni mengine. Vijana wa bodaboda hungoja abiria Marafa kama kwingineko Kenya, na neno lao lenyewe ni msafiri mkubwa: lilitoka mpakani Busia, kwa baiskeli zilizovusha watu kati ya Kenya na Uganda, likafika mwambao likiwa limekwisha kupata ngeli mbili. Bodaboda akiwa mtu, ameondoka. Ikiwa chombo, imeondoka. Mwalimu huwapa wanafunzi mfano huo, nao huupenda. Mfano wa vivumishi vimilikishi huwa mgumu zaidi kuueleza, kwa maana kitabu hutenganisha -angu na -etu kwa mstari ulionyooka.

Wiki mbili baada ya usiku wa moma, mtu alikuwa amebisha. Ilikuwa magharibi, mwalimu amevua viatu, mgongo unamuuma vile vile. Alikuwa mtoto wa jirani, ametumwa, haja yenyewe ndogo.

"Mwalimu, pikipiki yetu ipo?"

"Ipo," akasema, akanyoosha mkono kutafuta ufunguo.