Kubadilishana Wachezaji

Kubashiri ni kazi isiyo na mshahara, lakini haikosi wafanyakazi. Katika mji wa Marekani ninakofundisha Kiswahili, viwanja vya besiboli hulala chini ya theluji wakati wa baridi, lakini ndimi hazilali. Wanafunzi wangu huulizana: je, klabu yetu itoe mrusha mpira ipate mlinzi wa uwanja wa nje? Aulizaye hutaja hesabu, ajibuye hutaja hesabu kubwa zaidi, nami husikiliza kama mgeni aliyekuta ndugu wakigawana urithi wa mtu ambaye hajafa.

Swali lao si jepesi. Mrusha mpira aanzaye mchezo huingia uwanjani takriban mara moja katika siku tano, lakini siku yake ikifika timu nzima hutegemea mkono wake. Mlinzi wa nje huweza kucheza kila siku: hudaka mipira iliyopigwa mbali, na zamu yake ikifika hushika gongo akapiga. Mmoja ni mvua ya msimu, mwingine ni kisima. Mwenye mvua hutamani kisima, na mwenye kisima hutamani mvua.

Tarehe 15 Juni, 1964, klabu ya Chicago Cubs ilimtoa Lou Brock, mlinzi wa nje wa miaka 24, ikampata kwa St. Louis Cardinals Ernie Broglio, mrusha mpira aliyeshinda michezo 18 mwaka 1963. Kila upande uliongeza wachezaji wawili. Wengi waliona Chicago imepata faida, na baadhi ya wachezaji wa St. Louis wenyewe walinung'unika. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Na kidonda kilikuwamo kweli. Mkono wa Broglio ulikuwa umekwisha kuanza kumsumbua. Kabla mwaka haujaisha kiwiko chake kilipasuliwa, na kwa Chicago alishinda michezo 7 tu, akashindwa 19. Brock aliiletea St. Louis mbio na mapigo, na klabu hiyo ikatwaa ubingwa mwaka ule ule. Alipoacha kucheza mwaka 1979 alikuwa ameiba vituo 938, na mwaka 1985 akaingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri.

Wabashiri huicheka Chicago mpaka leo. Mimi siicheki. Mizani hupima yaliyopita. Jiwe la kupimia kesho halijachongwa. Linalonisumbua mimi halimo katika hesabu, limo katika kitenzi. Kubadilishana hutaka watendaji wawili, na hapa watendaji ni klabu mbili. Mchezaji habadilishani na mtu, yeye hubadilishwa.

Kiswahili kina adabu yake katika jambo hili. Bidhaa iliuzwa, ikasafirishwa, ikasahauliwa. Lakini mtu, hata alipofanywa bidhaa katika pwani yetu, lugha ilimwacha katika ngeli ya walio hai: aliuzwa, akasafirishwa, akalia. Sarufi haikumvua uhai pale ambapo soko lilikwisha kumvua utu. Sisemi kuwa mchezaji wa mshahara mkubwa ni mtumwa. Nasema kuwa mshahara mkubwa haujibu swali la nani aliulizwa.

Swali hilo alilipaza Curt Flood, aliyelinda uwanja wa nje wa St. Louis pamoja na Brock. Mwaka 1969, baada ya miaka 12 katika klabu ile, aliarifiwa kuwa amepelekwa Philadelphia. Alikataa, akamwandikia mkuu wa mchezo kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa, akaenda mahakamani. Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia mwaka 1972. Yeye alipoteza kesi na riziki yake ya uwanjani, lakini mlango alioubishia hodi ulianza kufunguka kwa wengine. Leo mchezaji aliyetimiza miaka kumi katika ligi kuu, mitano ya mwisho katika klabu moja, ana haki ya kukataa kubadilishwa.

Kubashiri si dhambi, na hesabu ni chombo kizuri. Lakini mtu apimapo mkono wa mrushaji na miguu ya mlinzi, na akumbuke kuwa mkono na miguu ile ina mwenyewe, naye ana nyumba, ana jirani, na ana kinywa cha kusema ndiyo au hapana. Ubashiri usioliuliza hilo umepima kila kitu, umemsahau mtu.