Msiba wa Wasioamini

Sisi tuliolelewa kanisani tumezoeshwa kumwona mkana Mungu kuwa mtu wa jeuri. Amesoma, amejiona, sasa anabishana na Muumba wake: ndivyo anavyohubiriwa mimbarini, na sitasema mtu wa namna hiyo hayupo. Ila wasioamini niliokaa nao muda mrefu zaidi nimekutana nao vitabuni, katika fasihi ya Kiingereza, na hao sikuwaona wakishangilia. Niliwakuta matangani.

Wa kwanza ni Thomas Hardy. Alizaliwa mwaka 1840 huko Dorset, kusini mwa Uingereza, mtoto wa fundi mwashi. Babu yake na baba yake walipiga ala za nyuzi katika kanisa la kijiji la Stinsford, na yeye mwenyewe ujanani alifundisha watoto shule ya Jumapili na kuwazia kuwa padri. Kazi yake ya kwanza ilikuwa usanifu wa majengo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kukarabati makanisa ya kale. Imani ilimtoka kidogo kidogo, kati ya vitabu vya sayansi na huzuni za maisha. Alipokuwa na umri wa karibu miaka 70 alitunga shairi aliloliita God's Funeral, mazishi ya Mungu. Linaonyesha msafara wa watu unaopita kwenye tambarare jioni, wa mbele wamebeba umbo lisiloeleweka. Wanalia. Wanasema kwamba waliyembeba walimuumba wenyewe kwa sababu ya shida zao, na sasa hawajui nani atakayekaa mahali pake. Wachache wamesimama kando wakionyesha mwanga mdogo upeoni, lakini waombolezaji wanatikisa vichwa. Msemaji wa shairi hamcheki yeyote. Anakiri kwamba yeye naye alimpenda, kisha anaufuata msafara hajui aamini lipi.

Mkesha wa Krismasi mwaka 1915, vita vikiwa vinateketeza vijana wa Ulaya, gazeti la The Times lilichapa shairi lake jingine, The Oxen. Wanavijiji wa zamani waliamini kwamba usiku wa kuzaliwa Kristo ng'ombe hupiga magoti zizini. Mzee huyu wa miaka 75, aliyekwisha kuiaga dini, anasema kama mtu angemwita usiku ule waende wakatazame, angeongozana naye gizani akitumaini kukuta ni kweli. Sijasoma maneno ya asiyeamini yaliyo karibu na sala kuliko haya.

Kabla yake alikuwapo mwandishi Mary Ann Evans, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la George Eliot. Mwaka 1842, akiwa na miaka 22, alikataa kwenda kanisani. Baba yake alikasirika hata nyumba ikakaribia kuvunjika, mpaka wakapatana: binti aende ibadani pamoja na mzee, na moyoni afikiri anavyoona. Miaka miwili baadaye alianza kutafsiri kutoka Kijerumani kitabu cha David Friedrich Strauss juu ya maisha ya Yesu, kitabu kilichozichambua Injili kama ngano. Rafiki yake mmoja aliandika kwamba kazi ya kuichambua habari ya kusulubiwa ilimwumiza mwanamke huyu mpaka akaugua, na kwamba kilichomwezesha kuendelea ni kuitazama sanamu ya Kristo aliyokuwa nayo chumbani. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi. Kalamu inabomoa, na macho yanaomba nguvu kwa yule yule anayebomolewa. Baba yake alipokuwa mahututi mwaka 1849, yeye ndiye aliyemwuguza, na kitabu alichokishika siku zile ni kile cha Thomas à Kempis juu ya kumfuata Kristo.

Haya yalianza katika karne ile ile Waingereza walipokuwa wakituletea Biblia. David Livingstone aliwasihi wasomi wa Cambridge mwishoni mwa 1857, na kutokana na wito huo ikazaliwa misheni ya UMCA. Mwaka 1859 Charles Darwin akachapa kitabu chake juu ya asili ya viumbe. Mwaka 1864 Edward Steere wa misheni hiyo akafika Unguja, akajifunza Kiswahili, akaanza kufasiri, na mwaka 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa. Tulipokea kitabu kutoka katika nyumba yenye msiba, na msiba huo hatukuambiwa. Na maswali hayakuwa ya wazungu peke yao. John Colenso, askofu wa Natal, alipokuwa akifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kizulu, msaidizi wake William Ngidi alimwuliza kama kweli gharika ilikuwa hivyo. Askofu alishindwa kujibu ndiyo kwa dhamiri safi. Kuanzia 1862 alichapa mashaka yake, na kanisa likamshtaki kwa uzushi.

Nikirudi kwenye Kiingereza chenyewe, naona msiba mwingine ndani ya huo. Lugha ile ilijengwa na waumini kwa gharama ya damu. William Tyndale alinyongwa na kuchomwa moto karibu na Brussels mwaka 1536 baada ya kufasiri Agano Jipya, na sehemu kubwa ya maneno yake imo ndani ya Biblia ya King James ya 1611. Thomas Cranmer, aliyesimamia Kitabu cha Sala cha 1549, alichomwa Oxford mwaka 1556. Kwa karne nyingi Mwingereza alizaliwa, alioa na alizikwa kwa maneno yao, hata yule ambaye hakuwa na hakika kama kuna anayeyasikia. Kanisa la Uingereza lilipoanza kuyaweka kando, kwa kitabu kipya cha ibada cha mwaka 1980, baadhi ya waliopinga hawakuwa waumini. Waliweka sahihi zao pamoja na wengine mwaka 1979 katika toleo zima la jarida la PN Review. Mwaka huo huo wa 1980, miaka 100 tangu afariki, George Eliot aliwekewa jiwe la kumbukumbu Westminster Abbey, mahali alipokataliwa kuzikwa.

Nawaelewa mapadri waliobadilisha. Watu wasali kwa lugha wanayoielewa; Tyndale alikufa kwa ajili ya hilo. Nawaelewa pia wakana Mungu kama Richard Dawkins, aliyetaka watoto wa shule waisome Biblia ya King James kama fasihi, na Christopher Hitchens, ambaye alipomzika baba yake alichagua kusoma waraka wa Paulo kwa Wafilipi. Ila mimi hunisikitisha kuona maneno yakitunzwa vizuri hivyo huku anayesemeshwa hayupo. Zaburi ilitungwa ielekezwe kwa mtu. Ukiisoma kwa ajili ya uzuri wake unaisoma vizuri kabisa, na bado kuna aliyeitwa ambaye hakuna anayengoja aitike.

Mama yangu alipofariki, sala zangu zilikauka. Nilizitamka zote, asubuhi na jioni, na hazikupita dari. Watu wa kanisani walinipa aya. Aliyenifaa zaidi ni mwandishi C. S. Lewis, ambaye alifiwa na mama akiwa na miaka tisa baada ya kuomba apone, akawa mkana Mungu, akarudi kwa Kristo mwaka 1931, kisha mkewe Joy Davidman alipofariki mwaka 1960 akaandika A Grief Observed kwa jina la bandia. Humo analalamika juu ya ukimya wa Mungu kwa ukali ambao Hardy asingeuona mgeni. Nilipokisoma nilitambua kwamba muumini na asiyeamini wanaweza kukaa kwenye mkeka mmoja.

Wanaonitia hofu ni wengine. Sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2001 ilihesabu Wakristo kuwa takriban asilimia 72. Ya 2021 iliwakuta asilimia 46.2, na asilimia 37.2 wakasema hawana dini. Wengi kati yao ni vijana ambao hawakuacha chochote, kwa kuwa hawakupewa. Hardy alijua amempoteza nani. Hawa hakuna aliyewaambia kuna aliyefariki.

Na katika hilo la kufariki natofautiana na Hardy kwa moyo wote. Mazishi ya Mungu yamo ndani ya imani yangu tangu mwanzo, kila Jumapili tunakiri kwamba alizikwa. Wanawake walioelekea kaburini alfajiri hawakwenda kwa sababu waliamini. Walibeba manukato ya maiti, wakiwa wamekata tamaa, wakasukumwa na mapenzi tu. Siwezi kuwahesabu Hardy na Evans kuwa maadui wa njia hiyo. Kanisa letu ni la mapokeo ya UMCA, tunawaombea waliotangulia. Kila Novemba 2, Siku ya Marehemu Wote, karatasi ya majina inapopitishwa, mimi huandika la mama, na chini yake la Thomas na la Mary Ann.