Picha 72 za susu katika video ya megabaiti 7

Leo sina habari za simu mpya wala lugha mpya ya programu. Nataka tuongee kuhusu kazi ambayo wengi wenu mmewahi kupewa na familia kwa sababu tu "wewe unajua kompyuta": kukusanya picha, kuzipanga, kuziwekea wimbo, kisha kuzitoa kama video moja ya kutumia watu mtandaoni. Inaonekana kazi ndogo. Lakini kile kitufe cha mwisho, cha kutoa video, ndicho kinachoamua ni nani ataiona na ni nani atabaki kuhadithiwa.

Kwetu kazi hii ilikuja tulipofiwa na susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Zilipatikana picha 72. Nyingine ni za zamani za studio, nyeusi na nyeupe, zilizotolewa kwenye albamu na kupigwa upya kwa simu. Nyingine ni za shamba la kahawa, za harusi, za Krismasi. Binamu yangu alizipeleka kwa fundi wa video, naye akafanya kazi nzuri. Picha zinasogea polepole, zinakuzwa, zinayeyuka moja ndani ya nyingine. Dakika 6 kamili. Ukubwa wa faili: megabaiti 900.

Kwa projekta ya kanisani, video hiyo ilikuwa safi sana. Lakini kuna waliokuwa mbali. Mjomba anafanya kazi Doha. Na mdogo wake susu, ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa nyumba yao, anaishi Mwala na miguu haimruhusu tena kusafiri. Simu iliyo karibu naye ni ya mjukuu wake, simu ya bei nafuu ambayo nafasi yake imejaa, na bando lake hununuliwa kwa shilingi chache chache. Mama akaniambia, "Wewe fanya kitu. Lazima mama mdogo amwone dada yake."

Basi tuanze na hesabu, maana hapa hakuna uchawi. Ukubwa wa video ni kasi ya biti mara muda wake. Dakika 6 ni sekunde 360. Video ya fundi ilitolewa kwa megabiti 20 kwa kila sekunde: 20 mara 360 ni megabiti 7,200. Gawanya kwa 8 upate megabaiti 900. Kama watu 40 wa kundi la familia wangeipakua, hiyo ni gigabaiti 36 za bando, na kila mtu analipa lake.

Swali la pili: mbona picha 72 ziwe nzito hivyo? Chuoni tulisoma jinsi video inavyobanwa, na ukishaielewa hutaisahau. Kiwango cha H.264, kilichotoka mwaka 2003 na ambacho karibu kila simu inakisoma, hakihifadhi kila fremu nzima nzima. Kinahifadhi fremu moja kamili, halafu kwa zinazofuata kinaandika tu kilichobadilika. Picha ikikaa tuli kwa sekunde 5, hakuna kilichobadilika, kwa hiyo hakuna cha kuandika ila maneno machache ya "endelea kama ilivyokuwa".

Sasa angalia mapambo yanafanya nini. Ukiifanya picha isogee na kukua polepole, kila fremu inatofautiana na ya kabla yake. Kwa fremu 30 kila sekunde, dakika 6 ni fremu 10,800, na zote zina jambo jipya la kueleza. Bila mapambo, mambo mapya ni 72 tu. Kuyeyusha picha moja ndani ya nyingine ndiko kugumu zaidi kubana, kwa sababu kila pikseli inabadilika kwa wakati mmoja. Kwa hiyo siri ya kwanza ya video nyepesi ya picha si programu ya bei ghali. Ni kuziacha picha zitulie.

Hivi ndivyo nilivyofanya. Nilichukua picha zenyewe, si video ya fundi. Nikatengeneza nakala zenye upana wa pikseli 854 na urefu wa 480. Picha za kusimama nikaziwekea weusi pembeni ili zisinyooshwe nyuso. Nikazipa majina kwa mfuatano: picha001.jpg, picha002.jpg, mpaka 72. Kisha nikatumia FFmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, ambayo hutumiwa kwa mstari wa amri. Amri yenyewe ni hii:

ffmpeg -framerate 1/5 -i picha%03d.jpg -i wimbo.m4a -r 10 -c:v libx264 -crf 26 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 64k -movflags +faststart -shortest susu.mp4

Msiogope, tuisome pamoja. Ile 1/5 inasema kila picha ikae sekunde 5. Namba 10 ni fremu kwa sekunde, na kwa picha tuli zinatosha kabisa. Namba 26 ni kiwango cha ubora: ukiipandisha faili linapungua na picha inafifia, ukiishusha kinyume chake. Yuv420p ni mpangilio wa rangi ambao simu za kawaida zinaukubali. Ukiuacha, video inaweza kucheza kwenye kompyuta yako na kukataa kwenye simu ya mwenzako. Faststart inahamishia mwanzoni ile orodha ya yaliyomo kwenye faili, ili video iliyowekwa kwenye tovuti ianze kucheza kabla haijamaliza kupakuliwa.

Sauti nayo ina uzito wake. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde, dakika 6 zinakula karibu megabaiti 2.9. Picha zilichukua zilizobaki. Jumla: megabaiti 7. Kwa wale watu 40, gigabaiti 36 zimekuwa megabaiti 280.

Wimbo tuliimba wenyewe wajukuu, tukaurekodi sebuleni. Si kwa kubana matumizi tu. Wimbo wa msanii una mwenyewe, na tangu 2007 YouTube ina mfumo wa Content ID unaolinganisha sauti ya video yako na nyimbo zilizosajiliwa. Mwenye wimbo anaweza kuizuia video, au kuiwekea matangazo na kuchukua mapato. Sidhani kuna anayetaka tangazo la sabuni katikati ya kumbukumbu ya nyanya yake.

Mjomba wa Doha ana intaneti nzuri, kwa hiyo yeye hakupewa ile ndogo. Video kubwa ya fundi niliipandisha YouTube kama video isiyoorodheshwa, inayoonekana na mwenye kiungo tu. YouTube yenyewe hutengeneza nakala za ubora mbalimbali, na mtazamaji hupata inayolingana na mtandao wake. Ile ya megabaiti 7 ilikwenda Mwala kwa WhatsApp, nikiituma kama hati, si kama video, kwa sababu ukituma kama video WhatsApp huibana tena na ubora unazidi kushuka.

Jioni mjukuu wa Mwala akanipigia. Nyanya ameiona mara tatu, na anataka isimamishwe kwenye picha ya tisa. Ni ile ya studio yenye wasichana wanne waliosimama mbele ya pazia. Sisi tulimjua susu peke yake. Yeye aliwataja wote wanne, mmoja mmoja, akasema ni nani aliolewa wapi, na ni nani alifariki akiwa bado msichana. Lakini kwa mmoja alisita: uso ni mdogo, hauonekani vizuri. Akaomba aletewe picha yenyewe.

Hapo video ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake. Kwa urefu wa pikseli 480, sura ya mtu wa nyuma ni vidoa vichache tu, na hakuna programu itakayorudisha kilichokwisha kutupwa. Picha asili ilikuwepo kwenye diski yangu, nikaituma kama hati, na jina la nne likapatikana.

Ninalisisitiza hili kwa sababu wakati huohuo kwenye kundi la familia mtu alishaandika, "Sasa kwa kuwa tuna video, tufute picha tupate nafasi." Jamani, hapana! Video ni ya kutuma, picha ni za kuweka. Wanaokumbuka miaka ya 2000 watajua kwamba maonyesho ya picha yalitolewa kwa VCD, yenye upana wa pikseli 352 tu, au kama faili la Flash. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na leo kivinjari cha kawaida hakifungui tena mafaili hayo. Windows Movie Maker, iliyokuja mwaka 2000, nayo ilisitishwa Januari 2017. Picha ya JPEG ya miaka hiyohiyo bado inafunguka kwenye simu yoyote. Aliyebaki na picha anaweza kutengeneza video mpya kila zama. Aliyebaki na video peke yake hawezi kurudi nyuma.

Kwa hiyo mkipewa kazi hii, ulizeni kwanza: kati ya watakaoitazama, nani ana simu dhaifu zaidi? Mtengenezeeni huyo. Picha asili ziwekeni mahali pawili tofauti. Na majina yaandikeni ndani ya faili la picha lenyewe, kwenye sehemu ya maelezo ambayo JPEG inayo, mkikumbuka kwamba WhatsApp huyafuta mkituma kama picha ya kawaida. Picha ya tisa sasa ina majina yake yote manne. Zimebaki 11 zenye nyuso tusizozijua, na anayezijua ni mmoja tu, yuko Mwala. Jumamosi naenda huko na kompyuta.